UZI: Kuanza michezo ya vita vya mezani. Cheza kwanza, nunua baadaye

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Swali ambalo kila anayeanza vita vya mezani hulitanguliza ni hili: "Ninunue jeshi gani?" Akishauliza, kila mkongwe anamtajia jeshi lake, naye anaondoka na boksi kubwa la plastiki ambalo baadaye linakaa kabatini, visanamu vikiwa bado vimeshikamana na fremu za plastiki vilivyotoka nazo kiwandani. Nimeliona hili kwa watu wengi, na linaniuma, maana mchezo huu ni mtamu mno kuishia kabatini. Msimamo wangu katika uzi huu ni mmoja: cheza kwanza, nunua baadaye. Mechi yako ya kwanza unaweza kuicheza leo kwa dadu, rula na vipande vya kadibodi.

Kwa wageni kabisa, mchezo wenyewe uko hivi. Watu wawili wanakabiliana mezani, kila mmoja na jeshi lake la visanamu: mbilikimo wenye mashoka, mifupa inayotembea, wachawi, mazimwi, majoka. Meza haina vyumba kama ubao wa drafti. Umbali unapimwa kwa futikamba, mara nyingi kwa inchi, na dadu zinaamua nani kapiga na nani kaponea. Vilima, kuta na magofu vinawekwa mezani kama vitu halisi, kwa hiyo utamwona mtu mzima ameinama hadi usawa wa macho ya kisanamu chake, akitazama kama adui aliyejificha nyuma ya ukuta anaonekana. Kila kikosi kina thamani yake kwa pointi, na mnakubaliana jumla ya pointi kabla ya kuanza ili majeshi yalingane.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia (ufalme wa Kijerumani wa zamani), von Reisswitz, alitoa Kriegsspiel, mchezo wa kuwafundishia maofisa namna ya kuongoza vita. Upande wa wachawi na majoka ulishika kasi Marekani mwaka 1971, pale Chainmail ya Gary Gygax na Jeff Perren ilipotoka na nyongeza ya viumbe wa hadithi za kubuni, na humo ndimo ilimochipuka Dungeons & Dragons ya mwaka 1974. Games Workshop ya Uingereza ikatoa Warhammer mwaka 1983, na jina hilo ndilo wengi wanalolisikia kwanza hadi leo.

Sasa, ipo michezo mingi, na inatofautiana sana. Hapa ndipo mtu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Warhammer Age of Sigmar ilianza mwaka 2015 kuchukua nafasi ya Warhammer ile ya zamani. Visanamu vyake vina vitako (vile vibao vidogo vinavyosimamia) vya mviringo, na kila askari anasogea mwenyewe ilimradi kikosi kisitawanyike. Ina namna fupi ya kuchezwa inayoitwa Spearhead: boksi moja linakuwa jeshi zima, meza ni ya inchi 30 kwa 22, na mechi ni raundi nne. Warhammer: The Old World, iliyotoka Januari 2024, imerudi kwenye mtindo wa kale: vitako vya mraba, askari wamepangwa safu kwa safu, na kugeuza kikosi ni kazi inayotaka hesabu. Kings of War ya Mantic Games nayo ni ya safu, ila hakuna askari anayeondolewa mmoja mmoja. Kikosi ni kitu kimoja, kinasimama au kinavunjika chote. Halafu ipo michezo ya magenge madogo. Frostgrave ya Joseph McCullough, ya mwaka 2015, inakupa mchawi, mwanafunzi wake na askari wasiozidi wanane, wanagombea hazina kwenye magofu ya mji ulioganda. One Page Rules wao wanatoa kanuni zao za msingi bure, fupi kweli kweli, na hawajali visanamu vyako vimetengenezwa na nani.

Tofauti kubwa kwa anayeanza ni idadi ya visanamu. Jeshi la safu linaweza kutaka visanamu zaidi ya mia. Frostgrave inataka kumi tu.

Kwa nini kadibodi? Chukua Kings of War. Kikosi chake cha kawaida cha askari 20 wa miguu, kila mmoja kwenye kitako cha milimita 20, wamepangwa watano mbele na safu nne kwenda nyuma. Hiyo ni sentimita 10 kwa 8. Kata kadi ya ukubwa huo, andika jina la kikosi juu yake, chora mshale kuonyesha upande wa mbele. Kanuni haziulizi zaidi ya hapo, kwa sababu kikosi kinasogea, kinapiga na kinapigwa kama kitu kimoja. Kata kadi sita kwa kila upande, na tayari mna vita.

Tazameni pambano moja kwa karibu. Tuseme kikosi changu kina mashambulizi 12, kinapiga kwa 4 kwenda juu (yaani dadu ikionyesha 4, 5 au 6), na ulinzi wako unapenywa kwa 4 kwenda juu. Nikikuvamia kwa mbele narusha dadu 12. Kwa wastani sita zinapata, na nikizirusha tena tatu zinapenya. Kikosi chako sasa kina madhara matatu. Kisha narusha dadu mbili kupima moyo wa askari wako, najumlisha na yale madhara matatu. Tuseme moyo wao umeandikwa 13/15: nikifika 13 wanayumba na zamu ijayo hawawezi kuvamia, nikifika 15 wanakimbia na kadi inatoka mezani. Ili wakimbie ninahitaji 12 kwenye dadu mbili, yaani nafasi moja kati ya 36.

Sasa nikuvamie kwa ubavu. Mashambulizi yanazidishwa mara mbili: dadu 24, zinapata 12, zinapenya sita. Nahitaji 9 tu kwenye dadu mbili. Hizo ni nafasi kumi kati ya 36. Kikosi kilekile, silaha zilezile, lakini uwezekano wa kukuvunja umekuwa mara kumi kwa sababu ya mahali niliposimama! Na nikifika mgongoni mwako, mashambulizi ni mara tatu.

Mtu akishaiona hesabu hiyo ikitokea mbele yake, hata kwa kadibodi, ndipo anapojua kama mchezo wa safu unamfaa. Wengine damu inawachemka papo hapo, wanaanza kuwaza watazungukaje ubavu. Wengine wanagundua kwamba wanachokitaka ni shujaa mmoja mwenye jina, upanga na hadithi, na hao Frostgrave inawangoja. Wote wawili wamelijua hilo bila kununua kitu.

Jambo la pili ambalo kadibodi hulifundisha haraka: kwenye mechi nyingi za kisasa ushindi hauji kwa kuua. Unakuja kwa kushika alama fulani za mezani hadi mwisho wa raundi. Nimekaa pembeni nikitazama wawili wanaocheza kwa mara ya kwanza. Mmoja joka lake lilikuwa limeshafagia nusu ya jeshi la mwenzake, limefika kona ya meza likifukuza wapiga mishale waliobaki. Katikati ya meza, mifupa mitatu imesimama juu ya alama, haigusi mtu. Walipohesabu, mifupa mitatu ilikuwa imeshinda. Yule mwenye joka alikaa kimya akaitazama meza, kisha akasema wapange upya waanze tena. Huyo alikuwa ameshanaswa.

Karibuni kwa maswali na michango.

---

#2 – Mchangiaji

Mkuu, asante kwa uzi ulioshiba. Mimi ninapingana nawe kidogo. Kilichonivuta kwenye huu mchezo ni visanamu vyenyewe. Niliona zimwi limepakwa rangi, meno yanang'aa, kutu kwenye shoka, nikasema lazima na mimi niweze. Ungenipa kadibodi siku ile ningeondoka nisirudi. Usiwanyime watu kile kinachowaleta.

#3 – Mchangiaji

Naunga mkono #2. Pia naomba mtu aeleze hatua za rangi kwa anayeanza sifuri. Video ni nyingi, kila mmoja anasema lake.

---

#4 – Mwanzisha uzi

Mkuu #2, umesema kweli, na ninakubaliana nawe kwamba macho ndiyo yanayotuleta wengi wetu. Ila tenganisha kununua kisanamu na kununua jeshi. Nunua kimoja, au boksi dogo la watano, upake kwa furaha yako jioni, huku mechi unacheza kwa kadibodi. Vitu hivyo viwili havigombani. Ninachokipinga ni mtu kununua jeshi la pointi 2000 kabla hajajua kama anapenda kupanga safu au kuongoza genge.

Mkuu #3, nakueleza kwa mifupa, maana ndiyo mwalimu mzuri kuliko yote. Haina ngozi wala nguo nyingi, na makosa ya mkono yanaonekana kama uchafu wa kaburini.

Kitoe kisanamu kwenye fremu kwa koleo dogo la kukatia lenye meno bapa, usikinyofoe kwa vidole. Kata mbali kidogo na kisanamu, kisha punguza kilichobaki kwa kisu. Sasa kigeuze taratibu chini ya taa. Utaona mstari mwembamba umepita kwenye mguu, mkono na fuvu. Hapo ndipo nusu mbili za umbo la kiwandani zilipokutana. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, usiukate. Watu wengi hulipuuza hili, halafu rangi ikishakauka mstari unajitokeza kuliko ulivyokuwa mwanzo, kwa sababu rangi ya kivuli (rangi nyepesi inayotiririka na kutuama kwenye mifereji) hujikusanya pembeni yake.

Gundi nayo ina mambo yake. Gundi ya plastiki huyeyusha kidogo plastiki ya pande zote mbili, zikaungana zikawa kitu kimoja. Kwa visanamu vya chuma na vya rezini (kimiminika cha kemikali kilichogandishwa) haifanyi kazi kabisa. Huko tumia supagluu. Ukichanganya matumizi, mkono wa mpiga mishale utadondoka katikati ya mechi.

Kisha praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia zile zinazofuata. Bila praima rangi itabanduka kila unapokishika. Ukitumia ya kupuliza, simama kama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kisanamu, puliza kwa mpito mfupi mfupi, mahali penye hewa, na siku yenye unyevunyevu mwingi iache. Hewa yenye maji huifanya praima iwe na chengachenga, na chengachenga hizo zitaonekana hadi mwisho.

Rangi zinazofaa ni za akriliki, zile zinazochanganyika na maji. Weka tone kwenye kigae, ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, upake mara mbili badala ya mara moja nzito. Hii ndiyo siri kubwa ya kisanamu kinachopendeza, na haihitaji kipaji. Mfupa unaupa rangi ya krimu yote. Ikikauka, unamwagia rangi ya kivuli ya kahawia. Yenyewe inatiririka kwenye mbavu, matundu ya macho na vifundo vya vidole, inaacha sehemu zilizoinuka ziking'aa. Iache ikauke kabisa. Halafu chukua brashi kuukuu, chovya kwenye krimu iliyopauka zaidi, ifute kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, kisha ipitishe juu juu ya mifupa. Hapo mbavu zitaanza kujitokeza moja moja. Mtu akiliona hilo kwa mara ya kwanza, atataka kukionyesha kila aliye karibu.

Paka ukingo wa kitako rangi moja safi, nyeusi au kahawia. Inaonekana jambo dogo, lakini ukingo mchafu unaharibu kisanamu chote. Malizia na vanishi isiyong'aa, maana visanamu vya mchezo hushikwashikwa.

Brashi: moja ya namba 2 yenye ncha kali inatosha kwa karibu kila kitu, na kuukuu moja ya kufagilia. Vibrashi vidogo sana vinamdanganya anayeanza. Havishiki rangi ya kutosha, inakauka kabla haijafika kwenye jicho la kisanamu.

---

#5 – Mchangiaji

Hapa nilipo hakuna hata mmoja anayecheza. Nifanyeje mkuu? Au nisubiri?

---

#6 – Mwanzisha uzi

Usisubiri. Ipo michezo iliyotungwa kwa mtu mmoja, adui anaongozwa na kanuni zenyewe. Rangers of Shadow Deep, ya huyuhuyu McCullough wa Frostgrave, ni mmojawapo. Unatengeneza mlinzi wako wa mpakani, unampa wenzake, na kila pambano ni sura ya kisa kimoja kinachoendelea. Kanuni zake za kupigana ni jamaa wa karibu wa zile za Frostgrave: kila upande unarusha dadu moja ya pande 20, anajumlisha uwezo wake wa kupigana, mwenye kubwa ameshinda, kisha jumla yake inapunguzwa na ngao na mavazi ya aliyeshindwa, na kinachobaki ndicho jeraha. Mrusho mmoja umejibu kila kitu. Ukizoea mchezo mmoja, mwingine unakuwa umeshaujua.

Na nikwambie jambo ambalo nimeliona likitokea tena na tena: wachezaji hawapatikani kwa kutafutwa, wanatengenezwa. Kuwa na magenge mawili, lako na la mgeni. Usimwambie rafiki asome kurasa 80. Mpange mezani, mpe watu wanne tu, mwambie "ukipiga 4 kwenda juu umepata", na mengine utamweleza yanapojitokeza. Mwache achague genge analolipenda kwa macho. Usimshinde kwa ujanja ambao hajaujua. Akitaka kusogea mahali ambapo utampiga kwa ubavu, mwonyeshe kabla hajaachia kisanamu.

---

#7 – Mchangiaji

Vipi kuhusu kujichapia visanamu kwa printa? Nasikia unapata jeshi lote kwa gharama ndogo.

---

#8 – Mwanzisha uzi

Inawezekana, na printa za rezini hutoa visanamu vyenye umbo kali sana. Ila iheshimu kazi hiyo. Rezini ambayo haijakomaa inadhuru ngozi, kwa hiyo glavu ni lazima kila unapoigusa, na mvuke wake hautaki chumba cha kulala. Kisanamu kikitoka kinaoshwa, kisha kinakomazwa kwa mwanga wa UV. Rezini iliyobaki usiimwage kwenye sinki. Ukisugua rezini iliyokomaa kwa msasa, vaa barakoa na uilowanishe, vumbi lake si la kuvuta.

Hata hivyo printa ni kazi nyingine kamili, ina matengenezo yake na siku zake za kugoma. Kwa mtu ambaye hajacheza hata mechi moja, ninaiweka mbali. Na ulizia mapema: mashindano mengine yanayoendeshwa na watengenezaji hukubali visanamu vyao tu, wakati mechi ya nyumbani haina shida hiyo.

---

#9 – Mchangiaji

Mimi nimeshacheza kadibodi na kaka yangu wiki nzima, tumekubaliana ni Age of Sigmar. Sasa turudi kwenye swali tulilokatazwa, jeshi gani? Na tufike pointi 2000 lini?

---

#10 – Mwanzisha uzi

Sasa swali lina miguu, mkuu. Nakujibu kwa moyo wote.

Chagua jeshi ambalo ungependa kulipaka rangi hata kama lisingekuwa na kanuni. Nguvu za majeshi hubadilika kila kanuni zinaporekebishwa, na Age of Sigmar hurekebishwa mara kwa mara. Ukinunua kwa sababu jeshi fulani linashinda mwezi huu, miezi michache mbele linaweza kuwa la kawaida tu, nawe umebaki na visanamu usivyovipenda. Kisha angalia idadi. Stormcast Eternals ni mashujaa wazito, wachache mezani, deraya pana zinazopokea rangi vizuri. Skaven ni panyawatu, wanakuja kwa makundi makubwa. Ukipenda panya nakupongeza, lakini jua kwamba utakuwa unapaka mikia kwa muda mrefu. Wewe na kaka yako mngeweza kugawana hivyo hivyo, maana toleo la nne la mwaka 2024 lilizinduliwa kwa boksi lenye majeshi hayo mawili, na hulka zao ni kinyume kabisa.

Pointi 2000 zisikukimbize. Kaeni kwenye Spearhead mpaka muijue kila kadi ya maelezo ya kikosi na kila silaha kwa kichwa. Kanuni za msingi mnazipakua bure, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza na lundo la vitabu. Mkianza kusikia meza imekuwa finyu, ongezeni kikosi kimoja kwa kila mmoja, mkipake, mkicheze, ndipo mfikirie kingine. Jeshi kamili linataka meza ya inchi 60 kwa 44 na mechi ya saa kadhaa, na mtu aliyekua nalo kikosi kwa kikosi anakumbuka kila kanuni ya kila kisanamu bila kufungua kitabu.

Kwenye mpito kutoka kadibodi kuja visanamu, kuna kitu kimoja cha kukizingatia. Dadu za Age of Sigmar zina hatua tatu: kupata, kujeruhi, kisha adui anarusha kujiokoa. Tuseme una mashambulizi 20, unapata kwa 3 kwenda juu, unajeruhi kwa 4 kwenda juu, adui anajiokoa kwa 5 kwenda juu. Kwa wastani zinapita nne na nusu hivi. Silaha yako ikiwa na uwezo wa kupenya deraya kwa pointi moja, adui sasa anajiokoa kwa 6 tu, na zinazopita zinakuwa tano na nusu. Namba moja ndogo kwenye kadi imekuongezea robo nzima ya madhara. Kwa hiyo mnaposoma kadi za vikosi vyenu, msiishie kuangalia nani ana mashambulizi mengi.

Na kabla ya mechi yenu ya kwanza na visanamu, kubalianeni mambo mawili kwa mdomo: dadu iliyoegemea kitu inarushwa upya, na mtu anayepima umbali anasema kwa sauti anachokusudia, "nawaweka hawa nje ya inchi 9 kutoka kwako", mwenzake anakubali, ndipo visanamu vinaguswa. Mkifanya hivyo kisanamu kikisukumwa na kiwiko hakuna atakayebishana kilikuwa wapi. Rudini hapa mtuambie kaka kachagua upande gani, na picha za kisanamu cha kwanza tunazisubiri.